Shujaa Aliyetokea Kwenye Nywele

Tulikuwa tumesimama miguu imetanuliwa, goti la mbele limekunjwa, mikono imenyooshwa mmoja mbele mmoja nyuma, macho juu ya kidole cha kati. Mkao wa shujaa wa pili. Ukumbi uko ghorofani, Upanga, feni zinazunguka bila haraka, jasho linadondoka mkekani. Dada mmoja wa mstari wa nyuma, muuguzi ambaye huja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, akauliza huku paja likimtetemeka:

"Mwalimu, hivi huyu shujaa alipigana na nani?"

Mwalimu wetu ni mzee wa Kigujarati aliyezaliwa hapahapa Dar, mwenye Kiswahili cha Kariakoo na subira ya fundi saa. Kwa kawaida swali lolote hulijibu kwa "pumua kwanza." Siku ile alitwambia tushuke, tukae chini. Akasimulia.

Alipomaliza hakuna aliyecheka. Kaka mmoja alikunja mkeka wake akaondoka, na sijamwona tena, ingawa huenda alikuwa na shughuli zake. Mimi nilibaki hadi mwisho, lakini hadithi ile ilinifuata kwenye daladala, ikanifuata kazini, ikakaa nami majuma kadhaa.

Maana siku hizohizo tulikuwa tumeanza kusoma falsafa kidogo kabla ya mazoezi, na fundisho la kwanza kabisa lilikuwa kutodhuru kiumbe chochote.

## Mkwe asiyealikwa

Daksha hakumpenda mkwewe. Mkwe mwenyewe ni Shiva, mungu wa Wahindu: mtu wa milimani, nywele za misokoto, majivu mwilini, anazurura penye kuchomewa maiti. Ukiwa na binti, pengine unamwelewa Daksha.

Daksha akaandaa ibada kubwa ya sadaka ya moto, akaalika miungu yote, Shiva akamruka. Sati, bintiye Daksha na mke wa Shiva, akasema kwao ni kwao, haendi kwa kadi. Akaenda. Baba yake akamtukana mumewe mbele ya hadhara, na wageni wote wakatazama chini. Sati akafa palepale kwenye shughuli ya baba yake. Masimulizi mengi husema ni kwa moto.

Habari zilipomfikia, Shiva aling'oa msokoto wa nywele zake akaupiga ardhini. Hapo akatokea Virabhadra.

Na hapa ndipo mikao yetu inapoingia, kwa jinsi walimu wengi wanavyoisimulia. Shujaa wa kwanza, mikono juu: Virabhadra anachomoza kutoka ardhini na upanga wake. Shujaa wa pili, mikono imenyooka: amemwona Daksha, anamlenga. Shujaa wa tatu, mguu mmoja hewani, kiwiliwili kimelala mbele: anapiga. Kichwa kikaanguka. Baadaye hasira za Shiva zikatulia, akamfufua baba mkwe wake, lakini kwa kichwa cha mbuzi.

Kumbe hicho ndicho nilichokuwa nakiigiza kila Jumamosi kwa mapaja yangu mwenyewe. Mtu anakwenda kumkata mzee kichwa nyumbani kwake.

Muuguzi aliuliza swali la pili, ambalo ndilo lililokuwa langu pia: kutodhuru kunakaa wapi hapo?

Mwalimu akatupa jibu ambalo nimekuja kulikuta kwa walimu wengi. Daksha ni kiburi. Kichwa kinachokatwa ni majivuno ya nafsi. Shujaa anapigana na nafsi yake.

Ni jibu zuri. Sikulikubali.

Halikunikaa kwa sababu ya Sati. Ukishageuza kila mtu kuwa mfano wa kitu, yule mwanamke naye anageuka mfano, na kifo chake kinakuwa pambo la somo la mtu mwingine. Nimeshazikwa na mifano ya namna hiyo kwenye mawaidha na mahubiri ya kila aina. Nilitaka hadithi ibaki mbaya kama ilivyo, halafu mtu anieleze kwa nini niisimamie kwa mguu mmoja.

## Sutra tatu

Nikaanza kusoma mwenyewe, nikitumaini historia itanitoa kwenye tatizo.

Kitabu kinachoitwa mama wa falsafa ya yoga ni Yoga Sutra za Patanjali. Wataalamu wanabishana kuhusu umri wake, lakini wengi wanaukadiria kuwa zaidi ya miaka 1,500. Ni kitabu chembamba mno: sutra, yaani kauli fupifupi, 195 au 196 kutegemea chapa, nyingine za maneno matatu tu. Katika hizo zote, zinazozungumzia mkao wa mwili ni tatu.

Tatu!

Ya kwanza inasema mkao uwe thabiti na wa raha. Ya pili inasema hilo hupatikana kwa kulegeza juhudi na kuipeleka fikra kwenye kisicho na mwisho. Ya tatu inasema ukifika hapo, joto na baridi na jozi zote za namna hiyo hazikusumbui. Basi. Hakuna mguu hewani, hakuna shujaa, hakuna mkao wa mbwa anayetazama chini. Mtu amekaa tu, ili aweze kutafakari bila kiuno kumuuma.

Nikaenda kwenye Hatha Pradipika, kitabu cha karne ya 15 kilichoandikwa na Svatmarama, ambacho ndicho hasa cha yoga ya mwili. Kina mikao 15. Nimeipitia mmoja mmoja. Mingi ni ya kukaa. Upo wa tausi, upo wa kobe, upo wa jogoo, na upo ule wa maiti ambao sisi tunamalizia nao darasa. Wa kusimama hakuna hata mmoja. Virabhadra hayumo.

Anaonekana waziwazi karne ya 20, pale Mysore, kusini mwa India. Maharaja Krishnaraja Wodeyar wa Nne alimpa T. Krishnamacharya nafasi kwenye Kasri la Jaganmohan afundishe yoga, na shule ikafunguliwa mwaka 1933. Kwa Krishnamacharya wakapita watu walioitawanya yoga duniani: shemeji yake B.K.S. Iyengar, K. Pattabhi Jois, na Indra Devi, mwanamke mzaliwa wa Riga ambaye mwanzoni Krishnamacharya alimkatalia. Zilikuwa zama za mazoezi ya viungo kila mahali, za jeshi la Waingereza na za wanagimnastiki wa Ulaya, na zama ambazo vijana wa Kihindi walitaka kumwonyesha mkoloni kwamba wao si dhaifu. Watafiti Norman Sjoman na Mark Singleton wameandika vitabu vizima kuonyesha jinsi mikao ya Mysore ilivyochanganyika na mieleka, gimnastiki na mazoezi ya kijeshi. Kuna wanaowapinga kwa baadhi ya mambo. Lakini hakuna aliyenionyesha shujaa kwenye kitabu cha kale.

Miaka 40 kabla ya hapo Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu, alikuwa ameshaipeleka falsafa ya yoga Chicago, mwaka 1893, na mikao hakuijali kabisa. Kwake ilikuwa mambo ya mwili, na mwili haukumshughulisha sana.

Kwa hiyo falsafa ilisafiri peke yake kwa karne nyingi, mikao mingi tunayoijua ikaja juzi, na vikashonwa pamoja ndani ya kasri.

Nilipofika hapo nilipumua. Nikajiambia tatizo limekwisha: shujaa ni jina tu, lebo ya zoezi la mapaja, na kutodhuru ni somo lingine la zama nyingine. Havigombani kwa sababu havikuzaliwa nyumba moja.

Raha hiyo ilidumu kama siku mbili.

Maana kama vimeshonwa tu, basi kwa nini nisome falsafa? Ningeweza kwenda jogging na wale wa Coco Beach, nikaokoa ada.

## Uwanja wa vita

Mwalimu, nilipompelekea habari za Mysore nikidhani nitamshtua, alisema anazijua. Babu yake, alisema, hakuwahi kusimama kishujaa hata siku moja; alikuwa anakaa barazani na Gita yake, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Akaniuliza kama nimewahi kujiuliza kwa nini Gita, kitabu ambacho ndani yake mungu Krishna anamfundisha mtu yoga, kinaanzia kwenye uwanja wa vita.

Ni kweli. Majeshi mawili yamepangana Kurukshetra, ndugu kwa ndugu. Arjuna, mpiganaji huyo anayefundishwa, anawaona wajomba na walimu wake upande wa pili, upinde unamtoka mkononi, anasema hapigani. Sura zinazofuata ni za kumshawishi asimame.

Gandhi alikitafsiri kitabu hicho kwa Kigujarati na akashikilia kwamba vita ile iko ndani ya moyo wa binadamu. Tilak, mpigania uhuru wa India kabla yake, alikisoma akiwa mfungwa huko Mandalay akaona kinamwamuru mtu atende, asikae pembeni. Na yule aliyempiga Gandhi risasi Januari 1948 naye alikuwa msomaji wa Gita.

Hapo ndipo nilipoacha kabisa kuamini kwamba falsafa ikisomwa tu inamfanya mtu kuwa mwema. Kitabu kimoja kimewazaa wote watatu.

## Mkono wa mwalimu

Hili ndilo nililokuwa nalikwepa kuliandika.

Miaka michache nyuma nilihudhuria darasa lingine, mahali ambapo sitapataja. Tulikuwa tumekaa, miguu mbele, tunainama kufuata vidole. Mwalimu wa pale alikuja nyuma ya baba mmoja mnene kiasi, akamkalia mgongoni. Akamkalia kabisa, kwa uzito wake wote. Yule baba alitoa sauti ambayo hadi leo naikumbuka. Darasa likacheka. Baba mwenyewe akacheka, maana utafanyaje. Juma lililofuata hakuja.

Ukutani, juu ya kichwa cha mwalimu yule, kulikuwa na neno *ahimsa* limeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Kutodhuru.

Ningesema ni mtu mmoja mjinga, kama nisingekuwa nimesoma habari za wakubwa wenyewe. Pattabhi Jois, yule mwanafunzi wa Krishnamacharya, aliipa njia yake jina la Ashtanga, yaani viungo vinane, ile ngazi ya Patanjali ambayo mikao ni kiungo cha tatu na kutodhuru ni sehemu ya cha kwanza. Alifariki mwaka 2009 akiheshimiwa dunia nzima. Baadaye wanafunzi wake kadhaa wa kike wakajitokeza hadharani kueleza jinsi alivyowagusa kingono kwa kisingizio cha kuwarekebisha mikao. Mwaka 2019 mjukuu wake, aliyerithi kazi hiyo, aliomba radhi hadharani. Bikram Choudhury, mwenye yoga ya chumba cha moto na mikao yake 26, mwaka 2016 aliamriwa na mahakama ya Los Angeles amlipe aliyekuwa mwanasheria wake mamilioni ya dola, katika kesi ya unyanyasaji wa kijinsia na kufukuzwa kazi.

Hawa si wanafunzi wa wiki ya kwanza. Ni watu walioweza kuufanya mwili kila unachoweza kufanya.

Basi nilikuwa na maswali mawili badala ya moja. La kwanza, shujaa na kutodhuru. La pili, ikiwa mikao haimtengenezi mtu na falsafa haimtengenezi mtu, nini hasa tunakifanya pale ghorofani?

## Aina 81

Jibu, kama ni jibu, lilinijia mahali ambapo sikulitegemea. Ni sutra ya 34 ya sura ya pili. Tulikuwa tunaipita haraka kwa sababu ni ndefu na inachosha.

Patanjali anasema mambo ya kudhuru yana namna tatu: kuyatenda, kuyatendesha, na kuyaridhia. Chanzo chake ni uroho, au hasira, au kupumbazika. Yanaweza kuwa madogo, ya wastani au makali. Matunda yake ni mateso na ujinga usio na mwisho.

Mfafanuzi wake wa kale, Vyasa, akachukua sutra hiyo akapiga hesabu kama karani. Namna tatu mara vyanzo vitatu mara viwango vitatu ni 27. Kisha kila kiwango nacho akakigawa mara tatu, zikawa 81. Akatoa na mifano. Uroho: mtu anaua kwa kutaka nyama na ngozi. Hasira: anaua kwa kuwa "huyu amenikosea." Kupumbazika: anaua akidhani atapata thawabu.

Nilisoma mstari huo wa mwisho mara mbili. Mtu anaua akidhani atapata thawabu, na miaka mingi hivyo iliyopita kuna mtu aliketi akaliweka hilo kwenye orodha ya upumbavu.

Halafu nikarudi kwa Daksha.

Shiva hakumkata mtu kichwa. Alitendesha. Aliuzaa mkono wa kufanya kazi hiyo kutoka kwenye nywele zake, akautuma, yeye akabaki mlimani. Chanzo chake ni ile hasira ya Vyasa neno kwa neno: huyu amenikosea. Na wale wageni waliotazama chini wakati Sati anadhalilishwa, hao ni namna ya tatu. Waliridhia. Katika baadhi ya masimulizi yupo mwenye hekima mmoja, Dadhichi, aliyepinga shughuli ile akatoka. Mmoja tu katika ukumbi mzima.

Kwa hiyo hadithi ile na sutra ile zinajuana vizuri sana, hata kama hazikuandikwa kwa ajili ya kukutana. Kwangu mimi hadithi sasa ni kesi, na sutra ni sheria inayoisoma kesi. Sihitaji tena Daksha awe kiburi ili nisimame. Nasimama nikijua ni hasira, na nikijua mkono wangu wa mbele unamlenga nani.

Na lile darasa lililocheka? Mwalimu alitenda. Sisi tuliokuwa pale tuna mahali petu kwenye hesabu ya Vyasa, na si mahali pa heshima. Walimu waliokuwa wakiona yanayofanyika kwa Jois, Mysore, wakaendelea kutuma wanafunzi nao wamo. Wengine wamekiri hivyo wenyewe kwa maandishi.

Mimi nimelelewa na hadithi ya Mtume inayosema mwenye kuona uovu auondoe kwa mkono wake, asipoweza kwa ulimi wake, asipoweza kwa moyo wake, na huo ndio udhaifu mkubwa wa imani. Nilipoisoma sutra ya 34 sikuona kitu kigeni. Niliona mtu wa mbali akigonga mlango uleule kutokea upande mwingine wa nyumba.

Tangu hapo naona tofauti ya kusoma falsafa pamoja na mikao, na si tofauti niliyoahidiwa na mabango. Haijanifanya mtulivu. Imenipa haki ya kumhukumu anayenifundisha kwa kitabu chake mwenyewe. Mwanafunzi mwenye mikao tu hana cha kumwambia mwalimu anayemkalia mgongoni, isipokuwa "inauma," na ataambiwa avumilie. Aliyesoma anaweza kusema: hiki unachokifanya ni kiungo cha kwanza unakivunja, ili unifundishe cha tatu.

Mwalimu wetu, kwa haki yake, haweki mkono kwa mtu bila kuuliza. "Nikuguse?" Ukisema hapana anapita kama vile umesema leo Jumamosi. Zamani niliona ni adabu za kizee. Sasa namtazama anavyofanya vile, naona ndiyo yoga yenyewe, kuliko hata pale anaposimama kwa kichwa.

## Swali la shangazi

Siwezi kuandika haya yote nikaacha lile ambalo wasomaji wangu wengi mnaliuliza kimoyomoyo. Shangazi yangu wa Tanga hakuliuliza kimoyomoyo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, hayo unayokwenda kuyafanya kwa Wahindi ni mazoezi au ni dini ya watu?"

Nilijiandaa. Nikamweleza habari za Al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarazm aliyezaliwa mwaka 973. Sultani Mahmud wa Ghazni alipoiteka nchi yake mwaka 1017 alimchukua, na kwa mgongo wa uvamizi wa sultani huyohuyo Al-Biruni akafika India, akajifunza Kisanskriti. Akaitafsiri Patanjali kwa Kiarabu, akaipanga kwa maswali na majibu. Katika kitabu chake kikubwa juu ya India, cha karibu mwaka 1030, hakumficha sultani wake: aliandika kwamba Mahmud aliuharibu ustawi wa nchi ile na watu wake wakatawanyika kama vumbi. Nikamwambia shangazi, ikiwa Mwislamu wa daraja ile alikisoma kitabu hiki miaka elfu iliyopita, mimi ni nani?

Shangazi akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Kutafsiri si kufuata."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Ni hoja safi. Al-Biruni alitaka kuwaelewa watu. Mimi nakwenda kuukunja mwili wangu kila wiki kwa majina ya hadithi zao.

Nilichoweza kumwambia ni kile ninachokifanya na nisichokifanya. Siimbi mantra, yale maneno matakatifu ya kurudiarudia. Mwalimu hajawahi kunitaka niimbe. Miongoni mwa nidhamu anazozitaja Patanjali kuna kujisalimisha kwa Ishvara, yaani Bwana Mungu kwa lugha yao, na hapo mimi husimama nje; ninaye ninayejisalimisha kwake mara tano kwa siku na siongezi. Mwalimu alinionyesha kwamba hata Patanjali, akishapanga njia za kuituliza fikra, huongeza kwamba mtu anaweza kutafakari hata kitu kingine chochote akipendacho. Sijui kama shangazi angeridhika na hilo. Nadhani hapana.

Lakini kuna jambo moja kwenye mjadala huu linanikera. Malaysia mwaka 2008 na Indonesia mwanzoni mwa 2009, mabaraza ya wanazuoni yalitoa fatwa dhidi ya yoga yenye mantra na ibada. Naielewa hofu yao, na kwenye mantra niko upande wao. Katika mitaa yetu, hata hivyo, fatwa hizo zimefika zikiwa zimefupishwa: mazoezi ruksa, falsafa tupa. Sasa piga hesabu kwa yale tuliyoyaona. Nikitupa falsafa nimetupa kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia na kutolimbikiza, ambayo yote nimefundishwa madrasa kabla sijajua kuandika jina langu. Ninachobaki nacho ni Virabhadra na upanga wake.

Hilo nilimwambia shangazi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi huyo mwenye upanga ndiye umwache."

Kwa hiyo tuko hapo, mimi na yeye.

## Sura ya tatu

Tumemaliza sura ya pili juzi. Ya tatu inahusu nguvu anazozipata mtu aliyebobea: kujua yaliyopita na yajayo, kutoonekana kwa macho, kuwa na nguvu za tembo. Mwalimu anaona aibu kidogo kuifundisha, anasema tunaweza kuiruka twende ya nne. Darasa limekataa. Muuguzi amesema wazi kwamba yeye, kwa zamu anazopangiwa, hizo za tembo anazihitaji kabla ya mwisho wa mwezi.

Mimi nimeshachungulia mbele. Katikati ya orodha hiyo ya maajabu Patanjali anasimama na kusema nguvu hizo ni vikwazo kwenye njia, ingawa kwa mtu wa nje zinaonekana mafanikio. Nina majina ya walimu wachache ambao ningependa wakisome hicho kipande kwa sauti, mbele ya wanafunzi wao. Nimependekeza tukianzie Jumamosi ijayo, kabla ya mtu yeyote kupanda mkekani.